Bustani ya Nyumbani: Mtapo Hautaki Haraka

Amri ya uhamisho haitoi muda mrefu. Lori husimama mbele ya nyumba za askari alfajiri, vitanda hufunguliwa, sufuria hutiwa maguniani, kuku hufungwa miguu na watoto huhesabiwa mara mbili. Kinachobaki nyuma aghalabu ni bustani. Mawaridi yaliyopandwa kwa jasho, mchaichai wa mlangoni na mpapai ulioanza kutoa maua, yote hayo huwa mali ya familia ijayo, ambayo huenda ikayatunza, au ikayang'oa ili ipate mahali pa kuanikia nguo. Ndiyo sababu jamaa wengi wa kambini huona kwamba kupanda ni kazi bure.

Hata hivyo uko mmea mmoja unaoweza kupanda lori pamoja na familia, ukashuka katika kituo kipya ukiwa mzima, na ukaendelea hivyo mpaka baba apate pensheni. Mmea huo ni mtapo. Wengi wameuona mbele ya hoteli na ofisi za serikali wakadhani ni mtende mdogo au mnazi uliodumaa. Sifa zake ni nyingi, lakini masharti yake ni mawili: upatikane kwa njia ya halali, na utunzwe na mtu mwenye subira.

MTAPO NI MTI GANI

Mtapo si mnazi wala si mtende, ingawa makuti yake yametoka kileleni mwa shina kwa mfano huo huo. Jamii yake ni ya kale mno. Ilikuwapo duniani zaidi ya miaka 200,000,000 iliyopita, kabla maua ya namna tuyajuayo hayajaanza kuchanua. Mtapo hautoi ua. Hutoa koni, yaani kichwa kikubwa chenye magamba yaliyopangika kama ya nanasi. Miti yake ni ya kiume na ya kike mbalimbali. Wa kiume hutoa koni ya chavua, wa kike hutoa mbegu, na mara nyingi kazi ya kuipeleka chavua hufanywa na vidudu vya jamii ya fukusi. Hakuna awezaye kuutambua mtapo mchanga kama ni wa kiume au wa kike mpaka utoe koni, na jambo hilo huweza kuchukua miaka kumi na zaidi.

Unaoonekana zaidi katika bustani ni mtapo wa Kijapani, ambao wataalamu huuita Cycas revoluta. Asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani. Makuti yake ni mafupi, magumu, yenye kung'aa, nao huvumilia jua kali na baridi pia. Afrika ina mitapo yake yenyewe, mingi ikiwa ya ukoo uitwao Encephalartos. Pwani ya Kenya na Tanzania upo Encephalartos hildebrandtii, ambao watu wa huko waliutambua kwa jina la mtapo kabla mgeni yeyote hajauandika kitabuni. Uganda nayo imejaliwa. Katika korongo la mto Mpanga, ambao humwaga maji yake katika Ziwa George, hukua Encephalartos whitelockii, na kundi lake ni miongoni mwa makundi makubwa ya mitapo yaliyosalia duniani. Karibu na Ziwa Victoria, upande wa Mayuge, upo Encephalartos equatorialis. Wataalamu waliipa mitapo hiyo miwili majina yake mwaka 1995 tu, ingawa wenyeji waliishi nayo miaka yote.

NJIA YA HALALI YA KUUPATA

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Askari aliye doria karibu na korongo huona mitapo mamia kwa mamia, imesimama pasipo mwenyewe. Moyo humwambia kwamba mmoja hautapunguza kitu. Panga lipo, gunia lipo, na gari linarudi kambini tupu.

Lakini hesabu ya mtapo si hesabu ya mgomba. Shina lenye urefu wa mtu huenda limechukua miongo mingi kufikia kimo hicho. Akiondolewa wa kiume, wa kike aliye jirani hubaki mjane. Fukusi hawana chavua ya kubeba, na koni hutoa mbegu zisizo na uhai. Kundi huweza kuonekana bado ni zima machoni, kumbe limekwisha kufa kwa kukosa watoto. Huko Mpanga mitapo ilikwisha kupata hasara nyingine, kwani ujenzi wa kituo cha umeme karibu na maporomoko uliharibu sehemu ya makazi yake.

Afrika ya Kusini iko habari ambayo yafaa isimuliwe kwa kila mwenye panga. Mwaka 1895, katika msitu wa Ngoye, John Medley Wood aliona kundi dogo la mashina ya mtapo wa aina isiyojulikana. Yote yalikuwa ya mti mmoja wa kiume. Mashina yalichukuliwa kidogo kidogo kupelekwa bustanini, na la mwisho likaondolewa msituni mwaka 1916. Tangu hapo watu wameutafuta wa kike bila kuupata. Mtapo huo, Encephalartos woodii, umeenea leo katika bustani za nchi nyingi kwa njia ya machipukizi, lakini kila mmoja ni wa kiume, na hakuna mbegu yake halisi hata moja. Huo ni ukoo mzima wa wanaume wasio na mke.

Sheria nayo haikunyamaza. Mitapo yote ya ukoo wa Encephalartos imo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa uitwao CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, na ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991. Kwa mujibu wa orodha hiyo, ni marufuku kufanya biashara ya kuvusha mpakani mitapo iliyong'olewa porini. Itakuwa aibu gani, basi, kwa askari polisi ambaye kazi yake ni kumkamata mwizi wa miti, ikiwa nyumbani kwake umesimama mtapo wa wizi? Wageni hawataona uzuri wake, wataona ushahidi.

Njia ya halali ni kununua mche katika kitalu kinachojulikana, au kuomba chipukizi kwa jirani mwenye mtapo wa bustani. Mche wa kitaluni hutambulikana: shina lake ni safi, mizizi yake myembamba imejaa chunguni, na muuzaji yuko tayari kueleza alikoutoa. Mtapo wa porini una shina kuukuu lenye makovu, pengine limeungua kwa mioto ya nyikani, na mizizi yake imekatwa kwa panga. Ukiuzwa kwa bei ya chini, umefungwa guniani na magharibi imeingia, hapana haja ya kuuliza zaidi.

CHIPUKIZI NA MBEGU

Mtapo wa Kijapani huzaa machipukizi ubavuni kama mgomba uzaavyo. Chipukizi lililofikia ukubwa wa ngumi hukatwa kwa kisu kikali na kisafi. Makuti yake yote huondolewa, na jeraha hupakwa unga wa mkaa. Kisha liwekwe kivulini juma moja au mawili mpaka jeraha likauke kabisa. Baada ya hapo hupandwa katika mchanga mnene, likiwa limezama nusu tu, na kutiwa maji kidogo. Miezi kadhaa itapita pasipo jani wala dalili. Anayelichimbua kila juma kuangalia kama limetoa mizizi ndiye anayeliua.

Mbegu zataka subira zaidi. Ganda la nje, ambalo kwa kawaida ni jekundu au la rangi ya machungwa, huondolewa kwa kulowekwa na kusuguliwa, na mwenye kufanya kazi hiyo avae mifuko ya mikononi. Mbegu za mitapo mingi ya Afrika hudondoka kabla kiini chake hakijakomaa. Kwa hiyo huwekwa mahali pakavu penye kivuli kwa muda wa miezi kama sita ndipo zipandwe. Hulazwa ubavu juu ya mchanga wenye unyevu, nusu yake ikiwa nje. Mzizi hutangulia, jani hufuata baadaye sana.

CHUNGU NA UDONGO

Chungu cha mtapo kiwe kirefu kuliko kuwa kipana, kwa sababu mzizi wake mkuu huelekea chini. Debe la mafuta la zamani lafaa kabisa, mradi litobolewe matundu matano au sita makubwa chini na kuoshwa vizuri. Lisiwekwe juu ya ardhi tupu, bali juu ya matofali, ili maji yatoke kwa urahisi. Kisahani cha kupokea maji chini ya chungu hakifai.

Udongo mweusi wa shamba peke yake hushika maji mno. Mchanganyiko mwema ni sehemu moja ya udongo, sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni na sehemu moja ya kokoto ndogo. Upande wa Kisoro changarawe za volkano zapatikana kwa wingi, nazo ni bora kuliko kokoto. Konzi mbili za mboji iliyokwisha kuoza zaweza kuongezwa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Wakati wa kupanda, kilele cha shina, mahali makuti yanapotokea, kibaki juu ya udongo, kikifukiwa kitaoza.

Mtu asishangae akiona mizizi mingine imeelekea juu, yenye vinundu vya mfano wa matumbawe. Huo si ugonjwa. Ndani yake huishi viumbe vidogo mno vinavyoteka naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Anayeikata mizizi hiyo kwa kutaka usafi anaunyima mti wake chakula.

MAJI: UPENDO UUAO

Mitapo inayokufa kwa kiu ni michache. Inayokufa kwa kupendwa kupita kiasi ni mingi. Mama hutia maji asubuhi, mtoto hutia akitoka shuleni, na baba akirudi zamu humwagia tena kwa kuwa mikono yake haina la kufanya. Mizizi hukosa hewa, huoza, na makuti hugeuka manjano. Hapo familia huona manjano hayo, hudhani ni kiu, na kuongeza maji.

Kanuni ni nyepesi. Kidole kitiwe udongoni mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, ndoo irudishwe ndani. Kikitoka kikavu, mti umwagiliwe mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha uachwe mpaka ukauke tena. Kazi hiyo ni vizuri ipewe mtu mmoja tu katika nyumba.

Shina likibonyea kwa kidole, uozo umekwisha kuingia. Mti utolewe chunguni, sehemu iliyooza ikatwe mpaka ionekane nyama safi isiyo na doa, jeraha lipakwe unga wa mkaa, na shina likaushwe kivulini kabla ya kupandwa upya katika mchanga. Baadhi hupona. Ikiwa makuti yana ukoga mweupe wa madoa magumu, hao ni wadudu magamba. Wasuguliwe kwa brashi laini na maji ya sabuni, hasa upande wa chini wa jani, na kazi irudiwe kila juma mpaka waishe.

KILA KITUO NA HEWA YAKE

Kabale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za makoti. Huko mtapo wa Kijapani hustawi kuliko ule wa pwani, ambao hupenda joto. Uwekwe upande wa nyumba unaopata jua la mchana, karibu na ukuta unaotunza joto usiku. Kwa kuwa udongo haukauki upesi, maji yapunguzwe. Ukuaji utakuwa wa polepole. Haidhuru, mradi shina ni gumu.

Entebbe, Jinja na kambi nyingine za kando ya Ziwa Victoria tatizo ni mvua. Chungu kipandishwe juu ya matofali zaidi, kokoto ziongezwe katika udongo, na miezi ya masika na ya vuli mtapo usitiwe maji kabisa ikiwa uko nje. Mtapo wa Mpanga ukipatikana kitaluni kwa njia ya halali hufaa sehemu hizo, kwani umezoea hewa yenye unyevu. Lakini huwa mkubwa sana, na makuti yake marefu yana miiba. Haufai kando ya njia ya watoto.

Gulu na sehemu za kaskazini ukame huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka mvua za Aprili zikaribie. Mtapo uliopandwa ardhini uzungushiwe matandazo ya majani makavu, lakini yasiguse shina, kwa maana mchwa hupenda maficho hayo. Moroto na Karamoja yote hewa ni kavu zaidi, na upepo hukausha chungu kwa siku moja. Hapo debe lifunikwe kwa gunia upande wa jua, na mawe yatandazwe juu ya udongo badala ya majani. Chungu kikubwa ni bora kuliko kidogo, kwani hakikauki upesi.

Popote ulipo, mtapo uliozoea kivuli cha baraza usitolewe ghafula juani. Makuti yake yataungua na hayatapona mpaka mengine yatoke. Uzoezwe kidogo kidogo, saa mbili kwa siku, kisha nne, kwa majuma matatu.

SIKU YA KUHAMA

Siku tano kabla ya safari mtapo usitiwe maji, ili chungu kiwe chepesi na udongo ushikamane. Makuti yakusanywe juu kama mwavuli uliofungwa, na yafungwe kwa kamba ya mkonge au ya mgomba. Chungu kiviringishwe guniani na kuwekwa sakafuni mwa lori, nyuma ya kichwa cha gari ambako upepo haufiki. Kisiwekwe juu ya magodoro. Wakati mbaya wa kuhama ni ule ambao makuti mapya yanatoka. Hutoka yote pamoja, laini kama ukindu mchanga, na pigo dogo huyapindisha kwa maisha. Kwa kuwa amri ya uhamisho haingoji makuti, basi kilele kizungushiwe kanga ya zamani, na mtoto mmoja mkubwa akabidhiwe kazi ya kukilinda.

Katika kituo kipya mti ukae kivulini majuma mawili. Ukidondosha makuti machache familia isihofu. Huo nao una uchovu wa safari.

HATARI YA KUJUA

Mtapo una sumu, hasa mbegu zake na moyo wa shina. Sumu hiyo hushambulia ini. Watu wa pwani nyakati za njaa walijua kuukata, kuuloweka siku nyingi, kuuchachua na kuuanika ili wapate unga, na hata wao walidhurika walipokosea. Hakuna sababu ya mtu yeyote kujaribu leo. Mbuzi, ng'ombe na mbwa huweza kufa kwa kuula. Mbegu zake zenye rangi nzuri huwavutia watoto. Kwa hiyo katika nyumba yenye watoto wadogo koni ya kike ikatwe mapema, au zikusanywe kabla hazijadondoka. Mtoto aliyetafuna mbegu apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado hajatapika, na mbegu nyingine ichukuliwe ili daktari aione.

MTI WA MIAKA MINGI

Katika bustani ya Kew, London, uko mtapo uliopelekwa na Francis Masson kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1775. Watu huusifu kuwa mmea wa chunguni ulio mkongwe kuliko yote duniani. Shina lake lina urefu wa zaidi ya mita 4, limeinama na kutegemezwa kwa nguzo, na koni yake inayokumbukwa ni ile ya mwaka 1819. Wafalme wamepita, vita vimepigwa, watunzaji wamestaafu na kuzikwa, na bado umo katika chombo ukitiwa maji kwa kiasi.

Familia ya askari haina haja ya kungoja miaka mia mbili. Yatosha kwamba kijana aliyeushika mtapo kileleni ndani ya lori, kanga ikiwa imezungushwa na vumbi likiingia machoni, siku moja atakata chipukizi lake na kulipeleka nyumbani kwake mwenyewe. Vituo vyote alikolelewa atakuwa amevisahau nusu. Mti atakuwa nao. Mvumilivu hula mbivu. Na mwenye mtapo, ingawa hali mbivu yake, hurithisha.